Maswali Yenu: Kulitambua Jiwe Usiloweza Kulishika

Wasomaji wapendwa, tangu toleo lililopita nilipoandika juu ya vigari vinavyotembea Mirihi, barua zimefuatana, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: chombo kilicho peke yake huko mbali kinajuaje kwamba jiwe hili ni hili na si lile? Nimefurahi mno. Nimekaa miaka 26 kwenye meza ya maabara ya mawe. Kazi yangu ni kusaga, kuchekecha na kusoma michoro ya eksirei, na ni nadra mtu kuniuliza habari za kusaga. Kwa hiyo safu yote ya mwezi huu nimeitoa kwa barua hizo.

"Shikamoo Mama. Katika toleo lililopita uliandika kwamba leza ya kigari Curiosity 'inatambua madini ya mwamba kutoka mbali'. Mwalimu wetu wa kemia anasema leza ile haitambui madini, inataja elementi tu. Darasa limegawanyika. Nani yuko sahihi?"
Mwanafunzi wa sekondari

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi na mimi nilikosea. Mpelekee shukrani zangu. Sentensi ile niliiandika kwa haraka, na mtu wa kazi yangu hana ruhusa ya kuteleza hapo, maana tofauti ya elementi na madini ndiyo inayonitoa nyumbani kila asubuhi.

Leza ya Curiosity imo katika chombo kiitwacho ChemCam, na hupiga mwamba ulio umbali wa hadi mita 7. Pale inapogonga, kidoa kisichofika hata milimita moja huyeyuka na kugeuka ghafla kuwa mvuke wa moto mkali unaong'aa. Darubini iliyo kwenye shingo ya kigari huudaka mng'ao huo, vioo vinauchambua rangi kwa rangi, na kila elementi hujitokeza kwa mistari yake. Jiwe la kwanza kabisa, lililopewa jina la Coronation, lilipigwa mara 30 katika muda wa sekunde 10, tarehe 19 Agosti 2012. Majibu yalikuja kama orodha: silikoni, chuma, magnesiamu, kalsiamu na kadhalika. Orodha hiyo inataja vilivyomo, lakini haisemi vimepangwaje.

Na hapa lugha yetu yenyewe inatutega kidogo. Neno madini tumelibebesha mizigo mingi: dhahabu ni madini, chuma ni madini, hata maji ya chupa tunasema yana madini. Mwanajiolojia analibana zaidi. Kwake madini ni kitu kigumu cha asili chenye elementi zinazojulikana, na atomi zake zimejipanga kwa mpango mmoja unaojirudia. Ukivuruga mpango, umepata madini mengine, hata kama hukuongeza wala kupunguza kitu. Almasi na grafiti iliyo ndani ya penseli zote ni kaboni tupu. Moja hukata kioo, nyingine huacha alama kwenye karatasi. Ukizipiga leza ya aina ile, zote mbili zitajibu "kaboni" na kunyamaza.

Nikupe mfano unaoumiza vichwa kweli. Jasi unaijua: ni kalsiamu, salfa na oksijeni, pamoja na maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Ipashe moto kiasi, sehemu kubwa ya maji hayo itatoka, na utapata basaniti, ule unga mweupe ambao ukichanganywa na maji huganda kuwa plasta. Endelea kuipasha mpaka maji yote yaishe, utapata anhidriti. Ni madini matatu, na kila moja lina habari yake kuhusu joto na maji ya mahali lilipokaa. Mwaka 2013 Curiosity ilikuta mishipa myeupe ikikatiza miamba ya Yellowknife Bay, ndani ya kreta ya Gale, yaani shimo kubwa la mgongano. Leza ilisema kuna kalsiamu na salfa. Sawa, lakini ni lipi kati ya hayo matatu? Ilibidi mwamba utobolewe kwa kekee, unga wake uingizwe kwenye chombo cha eksirei kiitwacho CheMin, ndipo basaniti na anhidriti zikaonekana.

Kisha likazuka jambo ambalo mimi huwasimulia vijana wote wanaokuja maabara kwetu. Baadaye, kigari kilipopanda juu zaidi kwenye mlima ulio ndani ya kreta hiyo, jasi ilipatikana. Wanasayansi walipoupima unga ule ule usiku baada ya usiku, wakaona jasi inapungua na basaniti inaongezeka. Ndani ya tumbo la kigari kuna joto kuliko nje, na hewa yake ni kavu mno, basi jasi ilikuwa inakauka ikiwa kwenye kishikizo chake. Chombo kilikuwa kinakibadilisha kile kilichokwenda kukipima! Waliligundua hilo kwa sababu walirudia kipimo, wala hawakuridhika na usiku wa kwanza.

Mwambie mwalimu jambo moja zaidi. Kigari Perseverance, kilichotua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, kina chombo kiitwacho SuperCam, na hicho kinafanya yote mawili. Kwa mapigo ya leza ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kinapata elementi, kama ChemCam. Kwa mapigo ya kijani kinapata kitu kingine: sehemu ndogo mno ya mwanga unaorudi huwa imebadilika rangi kidogo, kwa sababu imegusana na mitetemo ya atomi zilizoshikana ndani ya fuwele. Jambo hili liligunduliwa na Mhindi C. V. Raman mwaka 1928, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mitetemo hutegemea atomi ipi imeshikana na ipi, na kwa namna gani, hivyo mwanga huo unaongea habari za madini yenyewe. Darasa lenu basi liwe na amani: kwa Curiosity mwalimu yuko sahihi kabisa, na kwa Perseverance kuna leza inayoweza kufanya kile nilichokiandika.

"Binti yangu, nilikuwa fundi wa mashine za eksirei kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mashine hizo zinajaza chumba na zinakula umeme kweli kweli. Walifanyaje mpaka eksirei ikaingia ndani ya kigari? Na kwa nini inasemekana kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20?"
Fundi mstaafu

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu kwa raha, maana wewe unajua uzito wake.

Kwanza niwaeleze wasomaji wengine kwa nini eksirei. Mwaka 1912 Mjerumani Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba eksirei ikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa mpangilio maalumu. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, baba na mwana, William na Lawrence Bragg, wakaonyesha jinsi ya kuutumia mtawanyiko huo kupima umbali kati ya safu moja ya atomi na nyingine. Ukisaga jiwe likawa unga na kuupitishia mwali mwembamba wa eksirei, upande wa pili utapata miduara, mmoja ndani ya mwingine, kama maji yaliyodondoshewa kokoto. Ukubwa wa kila mduara ni umbali fulani ndani ya fuwele. Kwatzi ina miduara yake, na feldispa ina yake. Huo ndio ushahidi wa mpangilio tuliokuwa tunautafuta.

Sasa, mashine ninayoitumia mimi inaendeshwa kwa kilovolti 40 na miliampia 40. Wewe fundi umeshapiga hesabu: wati 1,600, na maji ya kupoza yanazunguka muda wote. Ina mikono inayozungusha mrija unaotoa eksirei na kihisi kinachoidaka kwa ustadi wa hali ya juu, na urefu wake unanifika kifuani. Chombo cha CheMin kina uzito wa takribani kilo 10. Mrija wake unatumia kilovolti 28 na sehemu moja ya kumi ya miliampia, yaani chini ya wati 3. David Blake wa kituo cha NASA Ames na wenzake walifika hapo kwa kuiacha ile mikono kabisa. Eksirei inapita katikati ya unga na kuangukia kihisi kama cha kamera, ambacho kinadaka miduara yote kwa pamoja. Hakuna kinachozunguka. Nguvu ni ndogo, kwa hiyo wanafidia kwa muda: chombo kinakaa kikihesabu usiku kucha, mara nyingi kwa zaidi ya usiku mmoja, wakati kihisi kimepoa vya kutosha.

Utauliza pia kuhusu shabaha ya mrija, yaani metali inayogongwa ndani yake ili itoe eksirei. Maabara nyingi hutumia shaba. Kwa Mirihi shaba ingekuwa balaa, kwa sababu eksirei yake ina nguvu ya kuichokoza chuma mpaka chuma nayo ianze kung'aa eksirei zake, na Mirihi ni nyekundu kwa ajili ya hiyo hiyo chuma. Picha yote ingejaa ukungu. Wakachagua kobalti, ambayo nguvu ya eksirei yake iko chini kidogo tu ya ile inayoweza kuichokoza chuma. Ni uamuzi mdogo, lakini bila huo tusingeona kitu.

Ila kwangu mimi jambo lililo zuri kuliko yote ni jinsi walivyoutatua ugonjwa wa unga wenyewe, na hapa naomba mnivumilie. Siku zangu za mwanzo kazini nililetewa jiwe lenye ulanga. Nililisaga vizuri kwenye kinu kidogo cha akiki, nikalichekecha, nikajaza unga kwenye kishikizo na kuukandamiza kwa kipande cha kioo mpaka ukalainika kama uso wa meza. Mchoro ulipotoka (kwenye mashine yangu kila mduara huchorwa kama mstari uliosimama), mstari mmoja wa ulanga ulikuwa umepanda mpaka juu ya karatasi. Nikaandika ripoti kwamba ulanga ndio mwingi kuliko vyote. Mkubwa wangu wa kazi aliuchukua unga ule ule, akaumwaga kishikizoni kwa ubavu bila kuukandamiza, akapima tena, na ule mstari ukashuka ukawa wa kawaida tu. Vipande vya ulanga ni bapa. Nilipovikandamiza vyote vililala chali kama karata, vikaonyesha eksirei upande mmoja tu wa fuwele. Jiwe halikuwa na ulanga mwingi, ni mkono wangu uliovilaza.

Kwenye Mirihi hakuna wa kurudia kumimina. Philippe Sarrazin, aliyefanya kazi na Blake, akaja na dawa: unga unawekwa katika kijumba chembamba chenye madirisha mawili ya plastiki, kisha kijumba chote kinatikiswa kwa mtetemo wa kasi. Chembe zinarukaruka na kupinduka kama punje kwenye ungo, na kila moja inapita mbele ya mwali ikiwa imeelekea huku na kule. Faida ya pili ikajitokeza yenyewe: kwa kuwa chembe zinapinduka, unga hauhitaji kuwa laini sana. Mimi nasaga mpaka chembe ziwe za mikromita chache. Wao walitosheka na unga uliopita kwenye chekeche ya mikromita 150, na kekee ya kigari inaweza kutoa unga wa namna hiyo. Bila mtikisiko ule wangehitaji kinu huko Mirihi, na kinu kingehitaji mota, na mota ingehitaji nafasi na umeme. Miaka zaidi ya 20 mzee wangu, imeishia katika mambo ya aina hii.

Oktoba 2012, mahali palipoitwa Rocknest, Curiosity ilichota mchanga wake wa kwanza. Mchanga uliotangulia haukupimwa. Ulitikiswa ndani ya mikondo yote ya kigari ili kusugua uchafu wowote uliotoka duniani, kisha ukamwagwa. Nami kila nikimaliza jiwe moja husaga mchanga safi wa kwatzi kwenye kinu changu na kuutupa kabla ya kugusa jiwe jingine, kwa sababu hiyo hiyo. Siku niliposoma habari ile nilimwita kila aliyekuwa maabara aje kusoma.

Majibu yalionyesha madini ya feldispa, piroksini na olivini, kama udongo wa basalti ya volkano za Hawaii uliochakaa. Pamoja nayo kulikuwa na sehemu kubwa isiyo na mpangilio wowote, kama kioo cha volkano. Hiyo haitoi miduara. Katika mchoro huonekana kama nundu pana tu, na mpaka leo nundu hiyo ndiyo inayowasumbua wachambuzi kuliko mistari.

"Dada, chombo kilicho juu angani kilomita mamia kinaonaje madini ya chini? Si kinaona vumbi tu?"
Msomaji, dereva wa masafa marefu

Ndugu yangu, kwa sehemu kubwa ni kweli, kinaona vumbi, na penye vumbi zito hakuna ujanja. Lakini pale mwamba ulipo wazi, mwanga wa jua unaoakisiwa unarudi ukiwa na mapengo. Kila madini humeza rangi fulani za infraredi na kuziacha nyingine. Udongo wa mfinyanzi, kwa mfano, humeza mwanga karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 1.4, 1.9 na 2.3, kwa sababu ya maji na hidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoshikana) zilizofungwa ndani yake. Chombo CRISM kwenye setilaiti Mars Reconnaissance Orbiter kiligawanya mwanga huo katika njia 544, na kingeweza kutofautisha eneo la upana wa takribani mita 18. Ndicho kilichoonyesha udongo wa mfinyanzi na kabonati katika kreta ya Jezero, na ndiko Perseverance ilikopelekwa.

Kabla yake, chombo TES cha setilaiti Mars Global Surveyor kilionyesha hematiti nyingi katika tambarare ya Meridiani. Hematiti ni oksidi ya chuma, na mara nyingi huundwa penye maji. Kigari Opportunity kikapelekwa huko, kikatua Januari 2004, na kamera zikaonyesha vigololi vidogo vya kijivu vimetapakaa ardhini. Hematiti ilikuwa ndani ya vigololi hivyo.

"Mama, mimi ni muuguzi. Kila kipimo hospitalini tunakilinganisha na kitu kinachojulikana kabla ya kukiamini. Huko Mirihi wanalinganisha na nini?"
Muuguzi

Wanalinganisha na mawe waliyokwenda nayo, mwanangu, na umegusa kiini cha kazi. CheMin imebeba vijumba vilivyojazwa duniani kabla ya safari, kimojawapo kikiwa na mchanganyiko wa berili na kwatzi. Siku wakitilia shaka, wanamgeukia huyo shahidi: miduara ya berili imekaa mahali pake? Kama imesogea, tatizo ni chombo na si Mirihi.

Perseverance nayo imebeba vibao vya mawe yaliyopimwa duniani kwa kila njia. Chombo chake SHERLOC kina hata kipande cha jiwe la Mirihi yenyewe: kimondo kilichookotwa jangwani Oman mwaka 1999, kiitwacho Sayh al Uhaymir 008. Lilirushwa kutoka Mirihi, likaanguka duniani, na sasa kipande chake kimerudishwa kwao ili kuwa kipimo.

Tena, kama mnavyojua hospitalini, chombo huzeeka. Opportunity na kigari mwenzake Spirit zilikuwa na chombo cha kutambua madini ya chuma, kilichotengenezwa na kundi la Göstar Klingelhöfer huko Mainz, Ujerumani. Kilitumia kobalti-57 yenye mnururisho. Mwaka 2004 chombo hicho kilitambua jarositi huko Meridiani, madini ambayo hayaundwi bila maji, tena maji yenye asidi. Lakini nguvu ya kobalti-57 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 271. Kipimo kilichohitaji saa chache mwanzoni kilikuja kuhitaji siku nyingi, kisha wiki. Opportunity iliendelea kutembea, lakini jicho lake hilo lilikuwa linafifia, na kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba litafifia.

Na mkono nao huugua. Desemba 2016 mota inayosukuma kekee ya Curiosity iligoma. Wahandisi walihangaika na kigari pacha kilichopo duniani zaidi ya mwaka mzima, wakatafuta namna ya kutoboa kwa kutumia nguvu ya mkono wote wa kigari, na Mei 2018 wakafaulu. Unga ukawa unapukutishwa moja kwa moja kutoka kwenye ncha ya kekee, bila kupita chekeche. Mimi niliyezoea kuchekecha kila kitu roho iliniuma. Walijaribu kwanza duniani, wakaona unatosha, na kweli ukatosha.

"Je, kuna ugunduzi uliotokea kwa bahati tu?"
Msomaji

Upo, na bahati yenyewe ilianza kama msiba. Mwaka 2006 gurudumu la mbele la kulia la Spirit liliacha kuzunguka. Ikabidi kigari kiende kinyumenyume, kikiliburuta. Mwaka 2007, karibu na mahali palipoitwa Home Plate katika kreta ya Gusev, gurudumu lile lililokufa lilichimbua mfereji, na chini ya vumbi jekundu ukatokea udongo mweupe. Walipoupima wakakuta zaidi ya asilimia 90 ni silika isiyo na fuwele, ya aina ya opali. Duniani silika ya namna hiyo huachwa na chemchemi za maji moto, au na mvuke wa volkano unaopenya ardhini. Gurudumu zima lingepita juu na kuacha alama ya matairi tu.

Lakini nisikudanganye. Gurudumu lilifukua tu. Waliojua kwamba weupe ule unastahili kusimamiwa, na walioutambua kwa vyombo viwili tofauti, ni watu waliokuwa wamejiandaa kwa miaka.

"Kwa nini kila siku ni Mirihi? Zuhura je?"
Msomaji mwingine

Kwa sababu Zuhura inaua vyombo. Venera 13 ya Wasovyeti, iliyotua mwaka 1982, iliishi dakika 127 katika joto la nyuzi takribani 457 na hewa inayokandamiza kama mara 90 ya ile ya duniani. Hata hivyo iliweza kuchimba na kupima elementi, zikafanana na za basalti. Madini yenyewe hayakupimwa. Kutoka juu, mawingu yanaziba karibu kila kitu, isipokuwa vijidirisha vichache vya infraredi karibu na mikromita 1, ambamo joto la miamba hupenya usiku. Tatizo ni kwamba jiwe la moto haling'ai sawa na lile lile likiwa baridi. Ndiyo maana huko Berlin kuna maabara inayopasha mawe mpaka joto la Zuhura na kurekodi mng'ao wake mmoja mmoja, ili chombo kitakachofika huko kiwe na cha kulinganisha.

"Shikamoo Mama. Nina miaka 17 na nataka kutengeneza vyombo hivi. Nianzie wapi, wakati hapa nilipo hakuna chombo chochote?"
Msichana apendaye mawe

Marahaba, mwanangu. Hisabati na fizikia utaambiwa na kila mtu, nao watakuwa wamesema kweli. Mimi nakuongezea jambo moja la mezani: ujue mawe kwa mikono kabla hujayajua kwa mashine. Mwaka 2015 Curiosity ilitoboa jiwe lililoitwa Buckskin, na mchoro ukaonyesha tridimiti, ndugu wa kwatzi anayezaliwa kwenye joto kali. Hakuna aliyeitarajia katika tope la ziwa la kale, na mpaka leo wanajadiliana ilifikaje pale. Walioutazama mchoro ule waliweza kuuamini kwa sababu walishaiona tridimiti halisi mara nyingi na wanaijua miduara yake.

Kwa hiyo anza na mawe matatu tu. Tafuta kwatzi, ulanga na jasi. Jasi ikwaruze kwa ukucha, itakwaruzika. Kwatzi ikwaruzie kioo, kioo kitaumia. Ulanga uchane kwa ncha ya kisu, utaachana tabaka kwa tabaka mpaka upate utando unaopitisha mwanga. Kisha vunja kipande kidogo cha kwatzi ndani ya kitambaa, vaa kinga ya macho na ufunike pua usivute vumbi lake, usage kwa maji kidogo. Saga, acha ukauke, sugua unga kati ya vidole viwili. Ukisikia chembe, endelea. Mimi siku ya kwanza nilifikiri nimemaliza baada ya dakika tano, na ikafika karibu saa nzima kabla vidole havijaacha kusikia kitu. Andika kwenye daftari muda uliotumia na ulichokisikia, jiwe kwa jiwe, halafu niandikie tena.